Inchi Sitini na Tano za Haji Desuki

Kwenye mtaa wa Kamba, hatua chache kutoka lango la bandari ya Iskandaria, mkahawa wa Haji Desuki una viti vinne ambavyo hata Haji mwenyewe hathubutu kuvikalia. Vimepangwa bega kwa bega nje, kando ya barabara, chini kabisa ya ukuta wenye tivii. Vimekaa hapo tangu enzi za ile tivii ya zamani, ndogo kama boksi la viatu, ambayo ukirudi nyuma hatua mbili tu humtofautishi mtangazaji na pazia lake. Tivii ile ilishaondoka na mkokoteni wa wanunua vitu chakavu. Mahali pake Haji amepigilia mpya, HD, inchi sitini na tano, imemeza nusu ya ukuta. Viti havikusogea hata unyayo. Cha kwanza ni cha Shawki, anayeitwa Injinia kwa sababu alisoma mita za umeme za watu miaka thelathini. Cha pili ni cha Tolba, Kapteni, ambaye zamani aliendesha basi la timu ya mpira. Cha tatu ni cha Bisri, karani mstaafu wa mahakama, sasa Hakimu, na hukumu zake hazina rufaa. Cha nne ni cha Gharib, mwendesha winchi mstaafu wa bandarini. Yeye wamempa jina la Shahidi, na hawakumpa kwa heshima.

Sheria ya viti ni moja tu. Ukiinuka, hata kwa kwenda msalani, umwachie jirani kofia yako na neno la kukulindia. Usipofanya hivyo, kuna watu meza za ndani wamesubiri miaka, na akishakaa mmoja wao kiti kimekwenda. Kiti cha Gharib kilikuwa cha kaka yake Nasim kabla ya kuwa chake, na siku Nasim alipozikwa Gharib alitoka makaburini moja kwa moja akaja kukikalia kabla hakijawahiwa. Watu walimsema sana siku ile, lakini kila mmoja wao angefanya vivyo hivyo.

Sasa huo ushahidi wake. Mwaka wa themanini na mbili, uwanja ukiwa matope matupu, timu ya Wapakuzi wa bandari iliifunga timu kubwa ya Cairo bao moja kwa sifuri. Mtangazaji alisema kafunga Abu Shanab, nyota mwenye sharubu, magazeti yakaandika Abu Shanab, na picha yake ingali ndani kwa Haji, juu ya jiko la kahawa. Gharib alikuwa uwanjani, nyuma ya goli, na alichokiona yeye ni kingine. Aliyefunga alikuwa Nasim, mchezaji wa akiba, jezi namba kumi na nne, aliyeingia dakika za mwisho akateleza, akaugusa mpira, akabaki amelala. Wenzake wote walimrukia Abu Shanab. Usiku ule Nasim alimuuliza Gharib swali moja tu, "Wewe uliona?" Gharib akajibu, "Niliona." "Basi yatosha," akasema Nasim, na hakulizungumza tena mpaka alipokufa, miaka kumi na moja iliyopita.

Kwa Gharib haikutosha. Alilisema bao lile kila msimu wa mpira, na kila msimu walimcheka, na kucheka huko kulimla polepole. Siku za karibuni, akiwa peke yake kitandani, alianza kujiuliza kama kweli aliliona, au alimpenda tu kaka yake. Hilo hakumwambia mtu. Ndiyo maana Jumamosi ile ya baridi, baada ya sala ya alasiri, chaneli ya mechi za zamani ilipoahidi kuionyesha mechi yenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alikuja amenyoa ndevu na amevaa koti la Idi.

Wakakaa wanne, shingo zimekunjwa juu, kila mtu na kikombe chake. Mechi ikaanza. Kioo kizima kikajaa vijiraba, vipande vidogo vya mraba vya kijani na kahawia, vinatetemeka.

— Huyo anayekwenda kupiga kona ni nani? akauliza Tolba.

— Huyo si mtu, akasema Bisri. — Ni farasi.

— Farasi gani uwanjani, Hakimu?

— Wa polisi. Zamani polisi walikuwa na farasi.

— Ni refa, akasema Gharib. — Si mnaona kavaa nyeusi.

— Wote wamevaa nyeusi, Shahidi. Ni matope yale.

Haji Desuki akatoka ndani na rimoti mkononi, uso umeiva. Tangu ainunue tivii ile alikuwa anaipangusa asubuhi na jioni, na neno baya juu yake lilimchoma kuliko kama angetukanwa yeye.

— Tivii haina kosa! Jana si mliangalia mechi ya Ulaya hapahapa? Mliona mpaka jasho la kocha.

— Sasa leo jasho limekwenda wapi? akauliza Tolba.

— Hii ni mechi ya zamani, Haji, akasema Gharib. — Picha yenyewe ilipigwa ya kawaida, si ya HD. Nukta zinazoichora ni chache.

— Wewe winchi, wacha mambo ya umeme, akasema Shawki, akajivuta kitini. — Mimi nitawaambia ugonjwa. Picha imekuwa butu. Kitu butu dawa yake nini? Kunolewa. Haji, ingia kwenye mipangilio. Kuna kitu kinaitwa ukali wa picha. Uko ngapi?

— Thelathini.

— Thelathini! Umenunua simba ukamng'oa meno. Peleka mia.

Haji akapeleka mia. Palepale kila mchezaji akazungukwa na mstari mweupe, na nyuma ya kila mmoja akatokea mwenzake wa pili, mweupe mweupe, anamfuata kila aendako.

— Mashallah, akasema Bisri. — Sasa wako arobaini na wanne.

— Hao wengine ni akiba, akasema Shawki bila kupepesa jicho. — Zamani hatukuwa tunawaona.

Haji akatikisa kichwa.

— Na hizi kuta nyeusi kushoto na kulia ni za nini?

— Picha za zamani zilikuwa nyembamba, akasema Gharib. — Ziache tu.

— Niache? Mimi nimenunua tivii nzima halafu niangalie nusu?

Akabonyeza. Picha ikavutwa mpaka ikajaza kioo, na wachezaji wote wakanenepa kwa mpigo. Kipa wa Wapakuzi akawa mpana kama kabati.

— Abu Shanab alikuwa na kiuno! akalia Tolba. — Nimemwendesha kwenye basi langu miaka sita, namjua! Haji, umemfanya nini mtu wa watu?

— Amekula, akasema Haji.

— Basi kosa ni la mawimbi, akasema Tolba. — Hebu tazameni juu. Ghorofa ya tatu. Shuka za Umm Sabri zimeanikwa mbele ya dishi. Mawimbi yanapita kwenye shuka mbichi, yakifika huku yamelowa.

Basi Haji, mtu mzima aliyekwenda Makka mara mbili, akasimama katikati ya barabara akaita kwa sauti:

— Umm Sabri! Dada yangu! Anua shuka kidogo, mawimbi yapite!

Dirisha likafunguliwa.

— Nianue nguo mbichi ili nyie mwone mapaja ya wanaume? Tafuteni kazi!

Dirisha likafungwa. Mwanamke ng'ambo ya barabara akacheka waziwazi. Alikuwa Bi Nagat, aliyekuja mtaani wiki ile kufungua upya duka la kupiga pasi la marehemu baba yake, na meza yake ya pasi ilitazamana na mkahawa. Viti vinne vikamtupia jicho la kumkanya, vikarudi juu.

— Mnajisumbua, akasema Bisri, akashusha kikombe taratibu, kama zamani alivyokuwa akishusha muhuri. — Hili jambo ni la siasa. Nukta zinatoka Cairo, sivyo? Nukta nzuri, zilizokomaa, wanabaki nazo wenyewe. Sisi wa Iskandaria wanatutupia makapi.

— Wallahi hilo nilishalisikia, akasema Tolba, ambaye hakuwahi kulisikia popote.

— Kwenye mechi za Ulaya nukta zinatoka moja kwa moja Ulaya, hazipiti Cairo. Ndiyo maana ukaona jasho. Na hii mechi Cairo walifungwa. Unadhani watakuletea nukta nzima za aibu yao?

— Hakimu kasema, akasema Shawki. — Lakini mimi naongeza: friji. Haji, zima friji. Inaiba nguvu ya picha.

— Friji ina maziwa!

— Maziwa yanavumilia. Na nakumbuka siku ya mechi ile mvua ilinyesha. Mkanda umekaa na unyevu miaka arobaini na mitatu. Mkeo ana kile kikausha nywele? Puliza nyuma ya tivii, polepole, kwa umbali wa shibiri moja.

Gharib hakuwa akiwasikia tena. Pembeni, saa ya mechi ilikuwa imeingia dakika ya sabini na tisa, na mtu mmoja alikuwa anavua koti la mazoezi kando ya mstari.

— Nyamazeni. Nawaomba. Haji, ondoa hayo maandishi ya mipangilio.

— Subiri, namalizia rangi.

— Ondoa, Haji, anaingia!

— Injinia, rangi ya kijani niweke ngapi?

— Sabini na tano. Hapana, themanini.

— Baooo! akapiga kelele mtangazaji wa zamani. — Abu Shanab! Abu Shanab!

Kioo kizima, kona hadi kona, kilikuwa kimefunikwa na boksi la kijivu lililouliza: Hifadhi mabadiliko? Ndiyo. Hapana.

Gharib alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Akakaa tena.

— Mmenifunika, akasema.

— Bao si limeingia? akasema Tolba. — Na mfungaji umemsikia. Au mtangazaji naye alikuwa anaangalia kwenye tivii ya Haji?

Wakacheka mpaka Shawki akapaliwa na moshi wa shisha. Gharib alibana meno akasubiri, kwa kuwa alijua filimbi ya mwisho ikilia chaneli italirudia bao, na kweli ikalirudia, polepole. Safari hii hakukuwa na boksi. Kulikuwa na ukali mia, kijani themanini, na wachezaji wanene. Kitu cha kahawia kikaviringika kuelekea kitu cheupe, vivuli vyeupe vikarukiana, ikawa imekwisha.

— Mahakama inapiga kura, akasema Bisri. — Aliyeona namba kumi na moja, Abu Shanab, anyooshe mkono.

Mikono mitatu ikapanda. Haji, kwa kuwa picha ya Abu Shanab ilikuwa juu ya jiko lake, akanyoosha wa nne.

— Shahidi. Wewe umeona namba gani? Useme kweli, mbele ya Mungu.

Gharib alitamani kusema kumi na nne. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini alikuwa ametumbua macho mpaka yakatoka machozi, na kwenye mgongo wa kile kitu hakuona namba yoyote. Alijua pia kwamba akidanganya leo, basi hata yale ya mwaka wa themanini na mbili yatakuwa uongo.

— Sijaona, akasema.

— Shahidi hajaona! Tolba akapiga makofi. — Andikeni tarehe! Miaka arobaini na mitatu, leo Shahidi kakiri!

Wakagongeana viganja mbele ya kifua chake kana kwamba hayupo. Gharib akainamia kikombe chake. Kilikuwa na machicha matupu. Aliumia, na kilichomuumiza zaidi ya vicheko vyao ni kwamba, kwa mara ya kwanza, alihisi huenda wana haki ya kucheka.

Hapo Bi Nagat akavuka barabara na kanzu tatu za Haji mkononi, zimenyooka, bado zina joto.

— Haji, nguo zako. Na samahanini kwa kuwakatiza. Huyo kumi na nne aliyefunga ni nani?

Wote wakamgeukia. Hata maji ya shisha yaliacha kuguguma.

— Maana nimemwonea huruma, akaendelea. — Kafunga yeye, halafu kaachwa kwenye matope peke yake. Wenzake wote wamemkimbilia yule mwenye sharubu.

— Bibie, akasema Bisri, — nani kakwambia kumi na nne?

— Aniambie nani? Nimeona.

— Umeona ukiwa wapi?

— Kwangu. Mezani kwangu.

— Ng'ambo ya barabara?

— Kwani nina kwingine?

— Unaujua mpira wewe? akauliza Tolba.

— Siujui. Najua kusoma namba. Kutwa nasoma namba zilizoshonwa kwenye kola za watu, nisije nikampa mtu suruali ya jirani yake.

— Haiwezekani, akasema Shawki. — Haiwezekani kisayansi! Sisi tuko mita moja hatuoni, wewe uko mita kumi na mbili unaona?

Bi Nagat akaitazama tivii, akazitazama zile shingo nne zilizokunjwa, akavitazama viti.

— Naomba kuuliza, akasema kwa upole. — Kwa nini msirudi nyuma?

Tolba akainama kuangalia miguu ya kiti chake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imechimba vishimo vinne kwenye saruji. Haji akazikunjua kanzu zilizokuwa zimekunjwa vizuri.

— Nyuma wapi? akasema Bisri mwishowe.

— Nyuma. Pale.

— Pale si mahali petu.

— Sawa. Lakini picha yenyewe ni ndogo, mmeivuta mpaka ijaze ukuta. Ni kama kumvalisha Kapteni soksi ya mtoto. Itaingia, lakini ukiitazama kwa karibu utaona nyuzi tu zimeachana. Ukikaa mbali, jicho linaona soksi. Na hayo mengine mliyoyapandisha, mtu angeyashusha tu.

Juu yao mtangazaji wa studio akatabasamu na tai yake nyekundu. Kabla hatujaagana, akasema, tuliangalie bao lile kwa mara ya mwisho.

Gharib akasimama.

— Haji, rimoti.

— Utaniharibia mipangilio.

— Nipe.

Haji akamtazama usoni, akampa. Gharib alikuwa ameendesha winchi miaka thelathini na mitano na vidole vyake vilizoea vitufe. Ukali akaushusha mpaka chini. Kijani akairudisha ilikotoka. Picha akaikusanya kwenye umbo lake, na zile kuta nyeusi mbili zikarudi kushoto na kulia.

— Nusu ya tivii yangu! akalia Haji.

Gharib akamrudishia rimoti, akatoka kitini. Hakuacha kofia wala neno kwa mtu.

— Shahidi, kiti! akasema Tolba, na safari hii hakuwa anatania. — Gharib! Kiti cha Nasim hicho!

Alikuwa ameshafika katikati ya barabara. Teksi ikampigia honi, hakugeuka. Alifika kwenye meza ya pasi, Bi Nagat nyuma yake, akashika ukingo wa meza, ndipo akageuka.

Kule ukutani palikuwa na uwanja. Matope yalikuwa matope na watu walikuwa watu. Mtu mwembamba, soksi zimemwanguka, aliteleza kwa upande kama Nasim alivyokuwa akiteleza kwenye ngazi za nyumbani kwao, akaugusa mpira kwa ncha ya kiatu, akaenda na matope mpaka karibu na nguzo ya goli. Alipojaribu kuinuka aliipa kamera mgongo. Moja. Nne. Picha ikagandishwa hapohapo, majina ya watayarishaji yakaanza kupanda juu yake, naye Nasim amepiga goti moja kwenye matope, miaka ishirini na mitatu, anageuka kuangalia kama kuna mtu aliyeona.

Gharib alilia. Alilia bila kujificha, na koti lake la Idi, mbele ya barabara nzima.

— Sasa ni nani huyo? akauliza Bi Nagat.

— Nasim, akasema. — Kaka yangu.

Kisha akajifuta uso, akapaza sauti kwa mara ya kwanza siku ile:

— Njooni! Bado yupo, wamemsimamisha! Njooni mwone kwa macho yenu!

Upande wa pili, wazee watatu walitazamana. Shawki aliinuka nusu, akashika kiti kwa nyuma, akakaa. Bisri alikunja shingo, macho juu kwenye vijiraba vyake, akatangaza kwamba yeye bado anaona kumi na moja. Pembeni yake, mtu mmoja wa meza za ndani alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha nne na anakoroga sukari.

— Njooni! Hatua kumi na tano tu!

Tolba akamtazama Gharib, akaitazama tivii, akamtazama yule mtu na sukari yake.

— Tuje sote? akapiga kelele. — Halafu viti atatulindia nani?